Minyoo Bapa: Jinsi ya Kutambua Aina Zake

Ndugu msomaji, watu wengi wakiona mnyoo katika choo husema neno moja tu: "Nina minyoo." Kisha hununua kidonge cha minyoo sokoni na kukimeza. Maumivu yasipoisha, husema dawa ni mbaya, au husema wamerogwa. Mara nyingi dawa ile si mbaya, wala hakuna mtu aliyeroga. Dawa ilikuwa ya mnyoo mwingine.

Minyoo si wa namna moja. Kila aina ina umbo lake, makao yake katika mwili, mlango wake wa kuingilia, na dawa yake. Somo hili lafundisha habari za minyoo bapa, nao ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Lisome polepole, kisha uwasomee watu wa nyumba yako.

1. MNYOO BAPA NI NANI?

Mtazame kwanza yule mnyoo mkubwa ambaye watoto humtoa mara kwa mara. Rangi yake ni nyeupe yenye wekundu kidogo, na urefu wake waweza kupita sentimita 20. Mwili wake ni wa mviringo kama kamba, umechongoka huku na huku. Huyu si mnyoo bapa. Yeye ana dawa yake, kama mebendazole, na humfaa sana.

Mnyoo bapa amelala chini kama utepe au kama jani. Wengine ni warefu kuliko nyumba, wengine hawafiki sentimita 2. Wengine hawana kinywa wala tumbo, bali hunyonya chakula kwa ngozi yao yote.

Si minyoo bapa wote wanaomdhuru mtu. Ukiinua jiwe katika kijito, huenda ukaona mdudu mdogo wa kijivu au mweusi, mlaini, mwenye kichwa cha pembe tatu na macho mawili. Hatambai kama funza, bali huteleza juu ya jiwe kama tone la mafuta. Waganga humwita planaria. Hakuingii mwilini, wala hana sumu ya kukudhuru. Ukimkata vipande viwili, kila kipande chaweza kuota sehemu iliyopungua. Wako na ndugu zake wa baharini, wenye rangi nzuri, wakaao katika matumbawe ya pwani ya Unguja na Mombasa. Hao pia hawakai ndani ya mtu.

Basi usimwogope yule unayemwona juu ya jiwe. Katika maji yale yale yuko mwingine usiyemwona, naye ndiye wa kuogopwa. Tutamfikia. Tuanze na wale waonekanao kwa macho.

2. TEGU, MNYOO KAMA UTEPE

Tegu hukaa katika utumbo. Kichwa chake ni kidogo kama kichwa cha pini, nacho hushika ukuta wa utumbo. Nyuma ya kichwa huota vipande vingi vilivyoungana, kama shanga za bapa. Vipande vya mwisho hujaa mayai, hukatika na kutoka na choo. Mtu huona vitu vyeupe kama vipande vya utepe au kama makaroni.

Kuna tegu wawili ambao yakupasa kuwatenga.

Tegu wa ng'ombe huingia kwa nyama ya ng'ombe isiyoiva. Urefu wake hufika mita 4 hata 10. Vipande vyake vina nguvu. Hutoka kimoja kimoja, na mara nyingine hutambaa vyenyewe hata mtu asipokwenda choo, akavikuta katika nguo. Ni aibu na uchungu, lakini mara chache humletea mtu hatari kubwa.

Tegu wa nguruwe huingia kwa nyama ya nguruwe isiyoiva, iliyo na malengelenge meupe kama punje za mchele. Urefu wake ni mita 2 hata 4 hivi. Vipande vyake hutoka vimeungana, navyo havitambai. Kichwani ana kulabu, na tegu wa ng'ombe hana.

Mayai ya hawa wawili yafanana kabisa. Hata mganga mwenye hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, hawezi kuyatenga kwa macho. Kwa hiyo usitupe kipande ulichokiona. Kitie katika chupa ndogo yenye maji na chumvi kidogo, ukilete hospitalini, kisha unawe mikono kwa sabuni. Mwuguzi atakibana katikati ya vioo viwili na kuhesabu matawi yaliyo ndani. Akikuta matawi 7 hata 13 kila upande, ni tegu wa nguruwe. Akikuta zaidi ya 15, ni wa ng'ombe.

Kwa nini kujisumbua hivi? Kwa sababu mayai ya tegu wa nguruwe yana hatari ya pili. Yakimezwa na mtu, watoto wa mnyoo hutoka katika utumbo, huingia katika damu, na kukaa katika nyama ya mwili, katika macho, hata katika ubongo. Huko hufanya malengelenge. Miezi au miaka ikipita, mtu mzima aliyekuwa na afya huanguka kifafa. Majirani husema amerogwa, au ana pepo. Humkimbia akianguka, hata motoni. Lakini sababu ni yai la mnyoo lililoingia kwa mikono michafu au kwa mboga zilizonajisika kwa kinyesi.

Sikia vizuri jambo hili, wewe ukaaye Kasongo au Kabambare, penye Waislamu wengi wasiokula nguruwe. Mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote aweza kupata malengelenge ya ubongo. Nyama humletea mtu tegu wa utumboni, lakini kinyesi cha mwenye tegu humletea mtu malengelenge. Mpishi mmoja mwenye tegu, asiyenawa mikono, aweza kuwadhuru wote walao sahani zake. Naye aweza kujidhuru mwenyewe kwa njia hiyo hiyo.

3. MNYOO WA INI, KAMA JANI

Wachinjao ng'ombe na mbuzi wamjua huyu. Wakipasua ini, hukuta mdudu bapa kama jani, wa rangi ya kahawia, katika mifereji ya nyongo. Katika nchi zetu za joto aina iliyo kubwa hufika sentimita 5 au 7.

Mtu hampati kwa kula ini. Watoto wa mnyoo huyu hutoka katika konokono wa majini na kujibandika katika majani yaotayo ndani ya maji au kandokando yake. Mtu akiyala mabichi, humeza minyoo. Baadaye huona homa, maumivu chini ya mbavu za kuume, na kuchoka.

Hapa mwuguzi na awe na akili. Mtu akila ini la mnyama mwenye minyoo, mayai hupita katika utumbo na kuonekana katika choo, ingawa mtu huyo si mgonjwa. Basi kwanza aulizwe kama alikula ini siku chache zilizopita. Asile ini kwa siku kadhaa, kisha apimwe tena. Mayai yakiwa yametoweka, hana ugonjwa.

4. MINYOO WA DAMU, WALETAO KICHOCHO

Sasa tumemfikia adui mkubwa. Ugonjwa wake huitwa kichocho, na waganga huuita bilharzia kwa jina la Theodor Bilharz, mganga Mjerumani aliyemgundua mnyoo huyu mwaka 1851 huko Kairo, Misri.

Mnyoo huyu ni mdogo, yapata sentimita 1 hata 2. Hakai katika utumbo, bali ndani ya mishipa ya damu. Mume ni bapa, amejikunja kama jani la mgomba, na mke mwembamba hukaa ndani ya mkunjo huo. Huishi pamoja hivyo miaka mingi, na mke hutaga mayai kila siku. Kwa kuwa wamo ndani ya mishipa, hutawaona kamwe katika choo. Mtu aweza kusema kwa kweli, "Sijaona mnyoo hata mmoja," naye amejaa minyoo.

Tazama wanavyoingia. Mgonjwa huenda choo karibu na maji. Mayai yakifika majini hupasuka, na vijidudu hutoka na kumtafuta konokono wao. Humo huzaliana kwa majuma kadhaa. Kisha jua likiwa kali, watoto wa minyoo hutoka kwa maelfu na kuogelea. Hawaonekani kwa macho. Wakikuta mguu wa mtu, hutoboa ngozi na kuingia kwa muda wa dakika chache. Hakuna haja ya kunywa maji, yatosha kuyagusa.

Sasa fikiri habari za Salamabila na Namoya. Mchimbaji wa dhahabu husimama katika maji tangu asubuhi hata jioni, akisafisha mchanga. Mama huingia kijitoni kuloweka mihogo, na siku ya tatu huingia tena kuitoa. Binti hufua nguo, watoto huoga saa sita za mchana. Wavuvi wa mto Luama wana miguu ndani ya maji kila siku. Hao wote wanaitafuta riziki yao, nao hukutana na mnyoo mahali pa riziki. Kichocho cha matumbo chajulikana toka zamani katika Maniema.

Dalili zake ni hizi. Kwanza ngozi huwasha siku ile ile au siku ya pili. Baada ya majuma machache huenda ikaja homa na kikohozi, na watu hudhani ni malaria. Baadaye tumbo huuma, na choo hutoka na damu. Mtoto hupungukiwa damu, huchoka shuleni, wala hakui vizuri. Miaka ikipita, mayai yaliyonaswa katika ini huziba njia za damu. Wengu hukua, tumbo hujaa maji, na siku moja mgonjwa hutapika damu nyingi. Wengi waliofika hatua hiyo hawakupona, nao walikuwa na nafasi ya miaka mingi ya kutibiwa.

Si kila choo chenye damu ni kichocho. Kuna amiba, na kuna kuhara damu kuletwako na vijidudu vingine. Ndiyo sababu twakuomba ulete choo kipimwe.

5. WANATAMBULIWA KWA MWIBA WA YAI

Kama mnyoo haonekani, mganga humtambuaje? Hutazama mayai yake. Yai la kichocho ni dogo sana. Mayai saba hivi yakipangwa mstari hufikia milimita moja. Lakini kila yai lina mwiba, na mwiba huo husema ni nani.

Mwiba ukiwa ubavuni, na yai likiwa katika choo kikubwa, ni kichocho cha matumbo. Ndicho hiki cha kwetu. Konokono wake ana nyumba ya bapa iliyojiviringa kama kamba iliyokunjwa juu ya meza.

Mwiba ukiwa mwishoni, na yai likiwa katika mkojo, ni kichocho cha kibofu. Mgonjwa hukojoa damu. Kiko kwa wingi Unguja na Pemba, tena kiko Katanga. Wavulana wengine hudhani damu hiyo ni alama ya kukua tu. Sivyo. Na wanawake hupata vidonda katika uzazi kwa ajili yake. Konokono wake ana nyumba iliyochongoka kidogo, si ya bapa.

Lakini katika Kongo lilionekana jambo lililowashangaza waganga. Kwenye hospitali ya misioni ya Wabaptisti ya Yakusu, karibu na mji wa Stanleyville, uitwao leo Kisangani, mganga Clement Chesterman alikuta wagonjwa ambao mayai yao yalikuwa na mwiba mwishoni, kama ya kibofu. Hata hivyo yalitoka katika choo kikubwa, wala wagonjwa hawakukojoa damu. Aliandika habari hiyo mwaka 1923. Wengine wangaliweza kusema, "Ni kichocho tu, yatosha." Lakini uchunguzi uliendelea, na mwaka 1934 mganga A. C. Fisher alionyesha ya kuwa ni aina nyingine kabisa, akaipa jina intercalatum, maana yake iliyoingia katikati ya nyingine.

Waona, ndugu, jinsi kazi hii itakavyo uvumilivu. Yai moja dogo, likitazamwa vizuri, lilifunua mnyoo ambaye hakuwa na jina. Nawe mwuguzi kijana, usipite haraka juu ya kioo. Tazama mwiba uko wapi. Andika yale uliyoyaona, si yale uliyoyatazamia.

Mfano mwingine wa Kongo: mwaka 1957 waganga A. Fain na J. Vandepitte waliandika habari za mnyoo bapa aliyepatikana ndani ya uvimbe nyuma ya sikio la mtu. Ni ugonjwa wa nadra sana. Lakini watufundisha tusipasue kila uvimbe nyumbani kwa wembe. Uletwe utazamwe.

6. KILA MNYOO NA DAWA YAKE

Zamani dawa ya kichocho ilikuwa chungu. Mwaka 1918 mganga J. B. Christopherson wa Khartoum alitangaza habari za kutibu kwa sindano za antimoni ndani ya mshipa. Zilikuwa nyingi, nazo ziliwatapisha wagonjwa na kuhatarisha moyo. Leo sivyo. Iko dawa ya kumeza iitwayo praziquantel, nayo hutolewa kwa kipimo cha uzito. Mtu wa kilo 60 humeza kwa siku moja vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Tumbo laweza kuuma kidogo na kichwa kuzunguka, kisha hupita.

Lakini shika mambo matatu.

La kwanza, dawa hiyo huua minyoo wakubwa, haiui wachanga walioingia majuma machache yaliyopita. Kama umetoka majini karibuni, huenda mganga akakuita urudi umeze tena.

La pili, kama umewahi kuanguka kifafa, au una vinundu chini ya ngozi, mwambie mganga kabla hujameza. Kama malengelenge ya tegu yamo katika ubongo, dawa hiyo yaweza kuyachokoza na kuleta kifafa kikali. Kwa hiyo usiinunue sokoni na kujitibu mwenyewe.

La tatu, kidonge cha mebendazole kimfaacho mtoto mwenye minyoo mviringo hakiponyi kichocho. Mama, kama umempa mtoto dawa ya minyoo mara mbili au tatu, na damu ingali katika choo, usimpe mara ya nne. Mlete.

Tegu hutibiwa kwa praziquantel kwa kipimo kidogo, au kwa niclosamide. Mnyoo wa ini hatiishwi kwa praziquantel. Dawa yake ni triclabendazole. Waona tena sababu ya kumtambua mnyoo kabla ya kutoa dawa.

7. KUWAZUIA WASIINGIE

Dawa humtoa mnyoo, haifungi mlango. Aliyepona leo, akirudi majini kesho, aweza kuugua tena. Basi tufunge milango.

Chimba choo cha shimo mbali na kijito, na wote wakitumie, hata watoto. Wachimbaji nao wachimbe choo kambini. Mtu mmoja mwenye kichocho akienda choo kandokando ya maji, huwapa ugonjwa watu wote walio chini ya kijito.

Maji ya kuoga yateke, uyaweke katika pipa lililofunikwa kwa siku 2. Watoto wa mnyoo wasipopata mtu hufa. Lakini asiwemo konokono ndani. Ukitaka kuyatumia leo, yachemshe.

Kama huna budi kuingia majini, vaa buti za mpira ukiweza, nenda asubuhi mapema kuliko saa za jua kali, na usikae muda mrefu. Hii hupunguza hatari, haiiondoi. Kwa hiyo wachimbaji, wavuvi na mama waloweka mihogo na wapimwe kila mwaka, hata wasipoona maumivu.

Nyama ya ng'ombe na ya nguruwe iive hata ndani. Nguruwe wafungiwe zizini, wasile kinyesi cha watu. Mboga za majini zipikwe. Mikono inawe kwa sabuni utokapo choo, na kabla ya kupika na kula.

MAMBO YA KUSHIKA

Kama kamba ya mviringo: si mnyoo bapa, ana dawa yake.
Kama utepe, vipande vyatambaa: tegu wa ng'ombe.
Kama utepe, vipande vimeungana havitambai: huenda ni tegu wa nguruwe. Lete upesi.
Kama jani, katika ini la mnyama: mnyoo wa ini.
Huoni kitu, ila damu katika choo au mkojo: huenda ni kichocho. Lete upesi.
Mdudu bapa ateleza juu ya jiwe kijitoni: planaria. Mwache.

MAULIZO

1. Mnyoo bapa atofautianaje na mnyoo mviringo?
2. Kwa nini yafaa kuleta kipande cha tegu hospitalini, hata kama mayai yake yameonekana?
3. Mtu asiyekula nguruwe aweza kupataje malengelenge ya ubongo?
4. Kwa nini mwenye kichocho haoni minyoo katika choo chake?
5. Mwiba wa ubavuni na mwiba wa mwishoni vyaonyesha nini?
6. Katika kijiji chako, ni nani waingiao majini kila siku? Je, wamepimwa?

Ulizo la mwisho lisijibiwe kwa kinywa tu. Andika majina yao katika karatasi, uwaendee, mje nao hospitalini.